Betri ya Pili Katika Gari Tunalolala: Tuliyoyakosea Kati ya Nakuru na Kisumu

Mimi na mke wangu tulistaafu kazi ya ualimu mjini Nakuru, na kwa sehemu ya kiinua mgongo chetu tukanunua Toyota HiAce ya dizeli iliyokuwa imebeba abiria kwa miaka mingi. Seremala aling'oa viti, akatutengenezea kitanda, kabati, sinki na benchi mbili zenye nafasi ya kuwekea vitu chini yake. Nia yetu ilikuwa kuwatembelea watoto na wajukuu waliotawanyika Kericho, Kisumu, Kakamega na Bungoma bila kumsumbua mtu kwa malazi. Mbali na betri ya kuwashia injini, gari lilikuwa na betri nyingine yenye ujazo wa ampea-saa 100 (yaani iliyoweza kutoa ampea 5 kwa saa ishirini) tuliyoiita betri ya nyumba, kwa sababu ndiyo iliyoendesha taa, pampu ya maji, feni na friji ndogo ya volti 12, huku ikichajiwa na paneli moja ya sola ya wati 100 iliyofungwa juu ya paa na, tukiwa safarini, na alteneta ya injini. Ninaandika jinsi tulivyoongeza betri ya pili ya nyumba, tukakosea, tukalipia makosa hayo, kisha tukairudia kazi yote upya.

Katika vifaa vyote hivyo, friji ndiyo isiyokuwa na mjadala. Mke wangu ana kisukari, na kalamu za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, kutegemea aina yake, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 25 au 30. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Kisumu, nyuzi 30 hupitwa mapema asubuhi.

Mwezi wa Aprili 2022 tulikuwa tumeegesha Dunga, kwenye ufuko wa wavuvi nje kidogo ya mji wa Kisumu, na huo ulikuwa usiku wetu wa pili bila kuliwasha gari. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya ukimya. Friji ile huwa na mngurumo mdogo unaokuja na kwenda usiku kucha, na mtu akishauzoea, kutokuwepo kwake ndiko kunakomwamsha. Mita ya volti iliyo juu ya sinki ilionyesha 11.2. Kipimajoto tunachokiweka ndani ya friji kilikuwa kimefika nyuzi 19, na barafu ya chupa iliyokuwa mlangoni ilikuwa imeyeyuka yote. Mke wangu alizitoa kalamu tatu za insulini, akazifunga kwa kitambaa chenye maji, akaketi nazo mapajani bila kusema neno.

Aliyetuokoa asubuhi ile ni mama mmoja anayeuza samaki hapo ufukoni. Alipomwona mke wangu ameshika kile kitambaa alimuuliza, "Mama, kuna mgonjwa?" Alipoelezwa alituletea chungu chake cha maji ya kunywa, tukaziweka kalamu ndani ya kopo lililofunikwa vizuri, tukaliteremsha kopo ndani ya chungu na kukifunika kwa gunia bichi kivulini. Maji yanayopenya udongo na kukauka nje huondoka na joto, na hadi saa sita mchana ndani ya kopo hakukuzidi nyuzi 23. Chungu si friji na hakifikishi nyuzi 8, lakini kilitupa muda wa kufika duka la dawa. Kalamu mbili tuliambiwa tusizitegemee tena, na tukazitupa.

Tukiwa njiani kurudi Nakuru kupitia Kericho nilikuwa nimekwisha kuamua: betri moja haitoshi, tutaongeza ya pili. Leo ninaona kwamba uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Kosa lilikuwa kuufanya kabla ya kuhesabu chochote.

Nilinunua betri ya AGM, yaani betri ya risasi na asidi iliyofungwa na isiyoongezwa maji, ya ampea-saa 100 kwa shilingi 24,000. Fundi mmoja wa umeme wa magari mjini Nakuru aliifunga kwa saa mbili tu, akalipwa shilingi 2,500, na nyaya zikagharimu 1,800. Aliiweka chini ya benchi ya pili, ng'ambo ya ile ya zamani, akaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo alikuwa sahihi, kwa maana ukiunganisha hivyo volti hubaki 12 na ujazo hujumlika, ilhali ukiunganisha chanya ya moja kwa hasi ya nyingine volti hupanda hadi 24 na kuunguza kila kilichomo ndani ya gari. Lakini waya aliotumia ulikuwa mwembamba, hakuweka fyuzi kati ya betri hizo mbili, na nyaya zote za friji, taa na kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia chaji inayotoka kwenye paneli) zilibaki kwenye betri ya zamani. Mimi nilisimama pale nikitazama, nikaridhika kwa sababu mita ilisoma 12.9.

Namba ile ilinidanganya, na ningependa kila anayesoma aielewe. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu kwa muda, mithili ya sufuria ya maziwa yaliyoumuka: yakitulia, utaona kiasi chake halisi kiko chini. Ukitaka kujua hali ya betri ya risasi na asidi, zima kila kitu, chomoa chaji, iache itulie saa kadhaa, usiku kucha ikiwezekana, ndipo upime. Ikiwa na volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, kutegemea aina. Karibu 12.1 au 12.2 imebaki nusu. Ikifika 11.8 imekwisha, hata kama taa bado zinawaka. Kuitumia betri ya namna hii chini ya nusu mara kwa mara ni kuikata maisha, na kuiacha siku nyingi bila kuijaza huigandisha chumvi ya risasi kwenye sahani zake, ikawa ngumu, na ujazo uliopotea hivyo haurudi wote.

Mei na Juni zilipita bila shida, kwa sababu safari zetu zilikuwa za kulala usiku mmoja na kuendelea, na kila mwendo uliongeza chaji. Mwezi wa Julai tulikwenda msitu wa Kakamega na binti yetu na watoto wake. Tuliegesha chini ya miti mikubwa ili gari lisipate joto, na mvua ilinyesha kila alasiri. Asubuhi ya siku ya tatu mita ilisoma 11.3. Nilikuwa na betri mbili na nilikuwa nimerudi pale pale nilipokuwa na moja, na safari hii mke wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: hizo shilingi 24,000 zimefanya kazi gani?

Tuliteremka hadi Kisumu siku ile ile, na mkwe wetu akatupeleka kwa fundi wa kike kijana ambaye kazi yake ni kufunga sola kwenye mashua na magari. Kabla ya kugusa spana aliuliza kila kifaa kinakula ampea ngapi na kwa saa ngapi. Sikujua. Akamwomba mke wangu ukurasa wa daftari, kwa kuwa alimwona ameshika daftari lake la kuandikia sukari ya damu, na wote watatu tukaketi kwenye benchi kupiga hesabu.

Friji yetu hula ampea 4 inapofanya kazi, na kwa joto la Kisumu hufanya kazi nusu ya saa zote, kwa hiyo ampea-saa 48 kwa siku. Feni ampea 2 kwa saa nane, 16. Taa mbili jioni, 5. Simu na redio, 6. Pampu, 1. Jumla 76. Kisha akaandika upande wa pili: paneli ya wati 100, jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu wa joto, vumbi na nyaya, hubaki kama wati-saa 350 kwa siku, yaani ampea-saa 28 hivi. Kila siku tunayokaa mahali pamoja tulikuwa tukipungukiwa 48. Betri moja ya 100, ukiheshimu ile nusu, ina 50 za kutumia, kwa hiyo ilitutosha siku moja. Betri mbili zina 100 za kutumia, kwa hiyo zingetutosha siku mbili. Siku moja zaidi, kwa shilingi 28,300, na hiyo ni kama jua lingewaka, lakini Kakamega chini ya miti halikuwaka.

"Mwalimu," aliniambia, "ukinunua mtungi wa pili hujaongeza maji. Kisima chenu ndicho kidogo." Nilikumbuka kile chungu cha Dunga na nikamwelewa mara moja.

Halafu alifunua benchi. Aliweka kiganja juu ya betri ya zamani, akaniita niiguse na mimi. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai, wakati ile mpya, umbali wa mita moja na nusu, ilikuwa baridi kama sakafu. Alizitenganisha, akazichaji kila moja peke yake kwa chaja ya ukutani mpaka chaja ikamaliza kazi, akaziacha zimetulia usiku kucha. Asubuhi mpya ilisoma 12.7 na ya zamani 10.6. Betri ya volti 12 ina selu sita, kila moja ya volti mbili na kidogo, na pengo la volti mbili kamili ni dalili ya selu moja iliyokufa. Kwa wiki kadhaa betri mpya ilikuwa ikijimwaga ndani ya ile mbovu na kugeuka joto karibu na kitanda tunacholalia. Betri zinazounganishwa hivi zinatakiwa ziwe za aina moja, ujazo mmoja na umri unaokaribiana. Ya kwetu ya zamani ilikuwa na miaka mitatu, na hakuna aliyeipima kabla ya kuifunga pamoja na mpya.

Ningeweza kulia, na mke wangu alilia kidogo kwa kufikiria tungelala vipi laiti waya ule usio na fyuzi ungekwaruzika. Ninalitaja hili kwa sababu watu huandika gharama za pesa tu. Kwa wiki mbili baada ya hapo hakulala vizuri ndani ya gari lile, na mimi niliona aibu kwamba jambo lililogusa dawa yake nililiharakisha.

Fundi alitaka kujua betri yangu ya miezi mitatu imeumia kiasi gani. Aliijaza, akaifunga balbu ya taa ya mbele ya gari inayokula karibu ampea 5, akaandika saa ya kuanza, na tukangoja ifike volti 10.5. Betri nzima ya ampea-saa 100 ingeiwasha kwa saa ishirini. Yetu iliiwasha kwa saa kumi na saba. Imebaki na 85 basi. Jaribio hilo si la kurudiarudia, kwa kuwa lenyewe huichosha betri, na ikiisha lazima ichajiwe mara moja, lakini ndilo jaribio ambalo halikisii.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua AGM nyingine ya chapa na ujazo ule ule na kuioanisha na hii. Ya pili, kuachana na risasi na kununua lithiamu. Tulilizungumza hili jioni nzima. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi wakati AGM hukaribia 30, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya ujazo wake, hata asilimia 80 au zaidi, kwa maelfu ya mizunguko. Lakini mwaka ule nilitajiwa bei ya shilingi 58,000 kwa moja, tena haifai kuifunga moja kwa moja kwenye alteneta, kwa sababu huvuta mkondo mkubwa bila kuchoka na huweza kuichoma alteneta; huhitaji chaja maalumu ya kati inayozuia mkondo, na kontrola ya sola yenye mpangilio wake. Volti zake pia hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kuisha, kwa hiyo mita ya kawaida haikuonyeshi kitu. Pesa hazikutosha, nikabaki na AGM, na fundi alikubali kwa shingo upande kuoanisha ya miezi mitatu na mpya. Kama ningekuwa sijanunua chochote bado, ningechukua lithiamu moja na chaja yake, nikaokoa uzito na nafasi. Ninayasema haya kwa uhakika sasa baada ya kuishi na kilo 60 za betri za risasi chini ya benchi.

Kazi ya pili ilichukua siku mbili, na sehemu iliyonifundisha zaidi ilikuwa nyaya. Toka alteneta hadi betri za nyumba ni mita 5, na waya wa awali ulikuwa wa milimita 6 za mraba. Fundi aliniandikia: mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, ampea 30, waya wa 6, volti zinazopotea njiani ni karibu 0.9. Alteneta yetu hutoa 14.2. Betri zilikuwa zikipata 13.3, na AGM haijai kwa 13.3 hata ukiendesha toka Nakuru hadi Busia. Kwa waya wa milimita 25 upotevu ule ule hushuka hadi 0.2. Waya huo hauvutii kuununua, wakati ule ulikuwa shilingi 650 kwa mita na tulihitaji mita 12, lakini baada ya kuufunga, mwendo wa kutoka Nakuru hadi Kisumu hutufikisha na betri zilizojaa vizuri. Kati ya alteneta na betri za nyumba aliweka relei, yaani swichi ya umeme inayoviunganisha injini inapochaji na kuvitenganisha inapozimwa, ili friji isiimalize betri ya kuwashia gari. Gari letu ni la zamani na alteneta yake ni ya kawaida. Wenye magari mapya ambayo alteneta zake hushusha volti ili kuokoa mafuta wasitegemee relei, wanunue ile chaja ya kati hata kama betri zao ni za risasi.

Betri zote mbili zilihamishiwa chini ya benchi moja, zikiwa bega kwa bega, na nyaya fupi za urefu sawa kati yake. Waya wa chanya unaokwenda kwenye vifaa hutoka betri ya kwanza, na wa hasi hutoka betri ya pili, kwa kona, ili umeme upite njia ya urefu ule ule katika kila betri. Zikichukuliwa zote upande mmoja, iliyo karibu hufanya kazi kubwa na huchakaa mapema. Kila betri ina fyuzi yake kwenye chanya, chini ya inchi nane kutoka ilipo ncha, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote, na betri ya ukubwa huu ikipata njia ya mkato hutoa mamia ya ampea kwa mara moja.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho. Nilikuwa nikimsaidia kukaza nati ya chanya kwa spana ya 13, mkono ukateleza, kichwa cha spana kikagusa chuma cha benchi. Mlio ulikuwa kama wa fataki, na mwanga wa buluu ukabaki machoni mwangu kwa dakika nzima. Kipande cha spana cha ukubwa wa punje ya mahindi kilikuwa kimeyeyuka na kutoweka. Fundi hakunigombeza. Aliniuliza kama nimeumia, kisha akaniomba nivue pete ya ndoa na saa, akaanza upya kwa kufungua hasi kwanza. Hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, kwa kuwa ikiwa imetoka, spana ikigusa chuma cha gari hakutokei kitu. Nilikuwa nimeikaza chanya huku hasi imefungwa. Spana ile ninayo hadi leo, na kila ninapoifunua benchi mimi huizungushia utepe wa mpira mpaka karibu na kichwa.

Alizifunga betri kwa mkanda na fremu ya mbao iliyopigiliwa sakafuni, kwani barabara za huku zina matuta na kilo 30 zikiruka hazisimamiki. Alitoboa pia matundu mawili ya hewa kwenye benchi. AGM imefungwa na kwa kawaida haitoi gesi, ila ikichajiwa kupita kiasi hutoa. Anayetumia betri za kuongezwa maji, zile zinazotoa haidrojeni kila zinapochajiwa, asizifunge kabisa mahali anapolala pasipo na njia ya hewa ya kutoka nje. Na kwenye kontrola ya sola nilikuta jambo dogo lililokuwa limetuumiza miaka mitatu: ilikuwa imepangiliwa kwa ajili ya aina nyingine ya betri. AGM yetu inataka 14.4 hadi 14.7 wakati wa kujaza, kisha kushuka hadi 13.6 hivi, na namba hizo zilikuwa zimechapishwa ubavuni mwa betri muda wote huo.

Mwisho tukaja kwenye kisima chenyewe. Tuliongeza paneli mbili za wati 100, tukafikia wati 300, ambazo kwa hesabu ile ile huleta ampea-saa 84 siku ya jua, dhidi ya matumizi yetu ya 76. Moja ya paneli hizo sikuifunga juu ya paa. Ina waya wake mrefu na ninaiegemeza mahali penye jua huku gari likikaa kivulini. Kivuli cha tawi moja kuikata kona ya paneli hupunguza umeme wake kupita ukubwa wa kivuli chenyewe, na Kakamega ilinifundisha kwamba mahali pazuri pa kulala mara nyingi ni pabaya kwa sola. Huku kwetu karibu na Ikweta paneli iliyolazwa bapa juu ya paa haipotezi mengi, kwa hiyo fremu za kuinamisha tuliona hazina haja, ila vumbi lazima lifutwe.

Gharama za awamu ya pili zilikuwa hizi: betri 25,500, paneli mbili 17,000, kontrola mpya ya sola ya aina ya MPPT, inayovuna umeme mwingi zaidi wa paneli, ya ampea 30 shilingi 11,000, waya mnene 7,800, fyuzi na vichwa vya shaba vya kubana ncha za waya 4,200, relei 6,500, mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka 5,500, na ufundi 7,000. Jumla 84,500. Ukiongeza zile 28,300 za kwanza ni 112,800. Kama tungeanza na hesabu ya daftari, mita, waya na paneli kabla ya betri, huenda betri ya pili ingesubiri mwaka mzima, na labda ile ya zamani isingekufa mapema hivyo. Kwa aliye na pesa kidogo tu, ushauri wangu ni anunue mita hiyo, na kinachobaki kiende kwenye waya mnene.

Betri iliyokufa wanunuzi wa vyuma chakavu waliitaka siku ile ile, na mmoja alikuwa tayari kuipasua pale pale barabarani amwage asidi. Nilikataa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwadhuru watu wa mtaa mzima, na Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa waliopata sumu hiyo, alipigania haki yao hadi mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Baada ya kuyajua hayo siwezi kuona betri ikipasuliwa kando ya mtaro wa maji. Duka lililotuuzia mpya lilikubali kuichukua nzima na kutupunguzia shilingi 2,400, na yeyote anayenunua betri aliulizie hilo kabla ya kulipa.

Desemba tulirudi Dunga kwa usiku tatu. Kisha tukaenda Kakamega, na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Fundi alikuwa amemwomba mke wangu aandike volti kila asubuhi kabla jua halijapanda, naye alipiga mstari katika lile lile daftari lake: kushoto sukari ya damu, katikati joto la friji, kulia volti. Asubuhi ya pili ya mvua nilimsikia akijisomea kwa sauti ya chini huku mimi bado niko kitandani, sita nukta moja, nyuzi nne, kumi na mbili nukta nne, akafunga daftari na kuinjika maji ya chai.